Picha Iliyopigwa Bila Lenzi

Mwembesongo, Morogoro
18 Februari 2024

Mjomba Abeid,

Kabla hata sijakuamkia nakuomba jambo moja, na naliomba kwa heshima ya mama yangu ambaye ni dada yako. Barua hii isome peke yako. Usimpe mtu aishike, usiiache juu ya meza, usimsimulie neno hata yule unayemwamini kuliko wote. Ukimaliza, itie jikoni kwenye moto. Najua utacheka. Utasema Sufiani tangu mtoto anaogopa hata kivuli cha kuku. Cheka, mjomba, lakini uichome.

Sasa shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama umepungua uvimbe na anatembea mpaka gengeni kwake bila fimbo, ingawa fimbo anayo kwapani ili watu wamwonee huruma. Fenesi ulilompa Joseph alete kwa gari lake lilifika limeiva mno. Tulilifungua, na majirani watatu wakakumbuka ghafla kuwa hawajatusalimia siku nyingi. Dada Shamimu amejifungua mtoto wa kike. Bado wanabishana jina.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu niliyo nayo ni ya ofisi, na wewe simu yako inapatikana ukipanda kwenye lile jiwe tu. Tena kuna mambo siwezi kuyasema kwa sauti.

Unaikumbuka lenzi uliyonipa siku nilipomaliza chuo? Ile ya chuma, milimita hamsini, iliyopiga picha za nusu ya harusi za Mwembesongo enzi za studio yako. Ulisema anayemrithi mjomba ni mpwa, mengine yote ni maneno. Basi sasa naitumia. Nimeagiza adapta kutoka Dar, pete ndogo tu ya kuunganishia, na lenzi yako imekaa kwenye kamera ya kisasa ya ofisi kana kwamba zilizaliwa pamoja.

Sababu ya kuitumia ndiyo siri. Tarehe 16 Januari ofisi yetu ya upimaji ilinituma huko kwenu, juu ya Mkuyuni, kupiga picha za mawe ya mipaka. Nikivuka kijito niliteleza. Kamera ilipona, lenzi yake iligonga mwamba. Haivuti fokasi tena, inasaga ndani kama mtu anayetafuna mchanga. Mjomba, sikusema. Niliifunga kwenye kitambaa nikaisukuma nyuma kabisa ya droo yangu, chini ya fomu za zamani. Kila asubuhi nikifika naivuta droo kidogo kuhakikisha bado ipo, kisha naifunga taratibu.

Tatizo langu ni hili. Lenzi yako haijifokasi yenyewe, lazima nizungushe pete kwa mkono. Kamera ina msaada wake: kitu kikiwa kwenye fokasi, kingo zake zinaonekana nyekundu kwenye kioo. Mimi nikiona wekundu nabonyeza. Lakini nikifungua picha kwenye kompyuta, ukali umehama. Jiwe la mpaka lina ukungu, na nyasi zilizo mbele yake zinahesabika moja moja. Nakosea wapi? Bwana Bartholomeo, mkuu wetu, ameshaanza kuniuliza kwa nini picha zangu zimekuwa na usingizi.

Tafadhali nijibu upesi, na unijibu mambo ya picha tu.

Mpwa wako mwenye hofu,
Sufiani

*

Mlimani, juu ya Mkuyuni
2 Machi 2024

Mpwa wangu Sufiani,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mtoto wa Shamimu. Waambie waache kubishana, mtoto akichelewa jina watu watamwita Fenesi. Mwambie dada yangu fimbo ni ya kutembelea, si pambo. Huku mvua zimeanza mapema na njia imekuwa sabuni. Migomba imeinama lakini haijavunjika. Mimi mzima.

Barua yako imefika mikononi mwangu. Kuhusu droo yako sina la kusema, kwa kuwa umenikataza. Nakujibu ya picha.

Kwanza, acha kukiamini kioo. Ule wekundu ni msaidizi mwongo kidogo, maana tundu la lenzi likiwa wazi kabisa unaweza kuona wekundu kwenye jiwe na kwenye nyasi kwa pamoja, nawe ukadhani umepata vyote. Kuza picha kwenye kioo kabla ya kubonyeza, uangalie kitu kimoja tu, maandishi kwenye jiwe au ukingo wa jani.

Pili, wewe mwenyewe unayumba. Mtu akishika pumzi anaegemea mbele bila kujua, upana wa kidole tu, na kwa lenzi ile ikiwa wazi upana wa kidole unatosha kuharibu picha. Piga goti. Weka kiwiko juu ya goti. Toa pumzi nusu, ndipo ubonyeze.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Kama unataka vyote viwe vikali, lifunge tundu mpaka kwenye namba nane. Kisha usivute fokasi kwa jicho. Tembea kutoka ulipo mpaka kwenye kitu chako, hesabu hatua, rudi, halafu weka pete kwenye namba ya mita. Namba zimechongwa pale ubavuni na ukizipitishia kidole unazisikia. Mimi nilipiga picha hivyo kwenye kumbi zenye giza wakati wenzangu wanababaika na taa. Lenzi ile ukiizoea unaweza kuifokasi hata umefumba macho.

Picha yako moja uliyompa Joseph imefika. Imetoka kama uji. Usikate tamaa.

Mjomba wako,
Abeid

*

Mwembesongo, Morogoro
14 Aprili 2024

Mjomba Abeid,

Shikamoo, na Idi njema japo imepita. Mama alipika pilau ya kutosha mtaa mzima kisha akalalamika kwamba mtaa mzima umekuja. Mtoto wa Shamimu ameitwa Faraja. Ana sauti kuliko ukubwa wake. Umeme unakatika, lakini tumezoea.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ushauri wako umenisaidia sana, kuhesabu hatua hasa. Siku hizi Bwana Bartholomeo anasifu picha zangu mbele ya wenzangu, nami nainamisha uso. Nimeona jambo jingine: mwandiko wako umekuwa mzuri ajabu. Zamani herufi zako zilikuwa zinapigana. Sasa zimejipanga kama watoto wa shule mstarini. Nadhani utulivu wa mlimani umekufaa.

Ile siri ya droo si siri tena. Bwana Bartholomeo aliingia kwangu mwezi wa tatu kutafuta fomu, akaivuta droo mwenyewe. Alikifungua kile kitambaa, akaitikisa ile lenzi sikioni kama mtu anayepima nazi, akairudisha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Karani, kumbe na wewe una mambo." Tangu siku hiyo ananiita mwanangu. Mjomba, ningependelea angenigombeza.

Nina swali, nalo ni la kitaalamu tu. Mpiga picha akifokasi kitu kimoja, na kilicho nyuma kikapotea kwenye ukungu, je, ana hatia kwa kile kilichopotea? Ninyi mliopiga picha miaka mingi mlikuwa mnalisemaje jambo hili?

Naomba na hii uichome.

Wako,
Sufiani

*

Mlimani, juu ya Mkuyuni
30 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na Idi njema kwako pia. Faraja ni jina zuri. Mvua mwaka huu zimetuchokoza. Kipande cha njia kimeporomoka chini ya shule na Joseph analiacha gari lake Mkuyuni, anapanda kwa miguu na mizigo ya watu huku akitukana kila kilima kwa jina lake. Mdalasini wangu umesalimika. Mimi mzima.

Swali lako nimelizungusha siku nyingi. Nilipokuwa na studio nilikuwa nawapiga maharusi nikiacha ukuta uliobanduka rangi upotee nyuma, na hakuna aliyekuja kunidai ukuta. Kilichopotea nyuma hakina kesi. Ila mtu anaweza kuuliza ni nani aliyechagua kipi kiwe mbele na kipi kiwe nyuma. Hilo ndilo naweza kukujibu kwa mbali hivi, kwa kuwa hujaniambia ni picha gani.

Habari za huku: jirani yetu Bi Mwanaasha ameletewa karatasi ya baraza la ardhi. Shamba lake la pale juu, panapoonekana maporomoko, linatakiwa na tajiri mmoja wa kujenga nyumba za wageni. Yeye alipinga, akaeleza kwamba ni la ukoo wao, lukolo kama tunavyosema huku, na kwamba mama zake wamezikwa pale. Karatasi inasema wapimaji walifika wakakuta pori lisilotumika, na picha imeambatanishwa. Bi Mwanaasha hajui kusoma. Aliposomewa aliuliza mara mbili, "Limeandikwa pori?" Akaambiwa ndiyo. Hakulia. Alichukua ufagio akapanda juu, na tangu siku hiyo anafagia makaburi kila asubuhi, mvua isinyeshe, mvua inyeshe.

Nakueleza kama habari tu.

Mjomba wako,
Abeid

*

Mwembesongo, Morogoro
26 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, Shamimu mzima, mtoto mzima. Nisamehe salamu ni fupi, sina nguvu ya kuzirefusha.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Nimeisoma mpaka najua mahali kila neno lilipo. Pale ulipoandika jina la Bi Mwanaasha kalamu imekandamiza karatasi mpaka ikatoboka. Nilidhani umeshajua. Kama umeshajua, basi ulikuwa unanisubiri, na kama hujajua, haya, ujue sasa.

Picha ile ni yangu.

Ilikuwa tarehe 21 Machi, siku ya mfungo, mvua imekatika asubuhi. Tulipanda watatu, mimi, Bwana Bartholomeo, na Bwana Rogers ambaye ndiye huyo tajiri. Hatukupita kwako. Mimi niliomba tupite nikakusalimu, nikaambiwa tutachelewa, na moyoni nilishukuru.

Tulipofika kwenye jiwe la mpaka nikaona makaburi nyuma yake, hatua kama kumi na tano. Hayana saruji. Ni mawe yaliyozungushwa, mimea ya masale iliyopandwa kichwani, na juu ya kila moja chombo cha marehemu, kikombe au bakuli. Mtu wa huko haulizi ni nini. Nilihesabu saba.

Nikasema, "Bosi, kuna makaburi."

Bwana Bartholomeo akatazama upande ule, kisha akanitazama mimi. "Makaburi gani? Mimi naona majani."

Bwana Rogers akacheka. "Huyu kijana ana macho ya fisi, anaona makaburi tu!"

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilihesabu hatua, nikafunga tundu mpaka namba nane, nikaweka pete kwenye mita zake, nikapiga. Ilitoka picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Jiwe, masale, mawe, vyombo, mpaka mlima wa nyuma, vyote vikali. Bwana Bartholomeo akaiangalia kwenye kioo akasema, "Hii ina vitu vingi. Ripoti inataka kitu kimoja." Halafu akanisogelea, akaniwekea mkono begani, akasema polepole, "Ile lenzi ya kwenye droo tutaimaliza mimi na wewe, mwanangu. Kwani kuna mtu ameiulizia?"

Mjomba, hakunitisha zaidi ya hapo. Natamani angenitisha.

Nilipiga goti karibu na jiwe. Nilifungua tundu lote. Kwenye kioo wekundu ulikuwa bado kwenye makaburi, kwenye kingo za vile vyombo. Nikaizungusha pete. Wekundu ukatoka kwenye masale, ukatambaa juu ya nyasi kama siafu, ukaja ukatulia kwenye jiwe la mpaka. Nyuma yote ikayeyuka, ikawa kijani kitupu. Nikatoa pumzi nusu, nikabonyeza. Haikuyumba hata kidogo.

Ofisini Bwana Bartholomeo alinisomea maneno ya kuandika chini ya picha nami nikayachapa: pori lisilotumika. Alisema neno moja moja kama imla. Nilipofika kwenye "pori" nilikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena vizuri.

Ingekuwa lenzi ya kisasa, ningesema mashine ilijichagulia. Hujichagulia kweli, mara nyingi, na watu hulaumu mashine wakalala usingizi. Lenzi yako haina injini wala waya. Hakuna kilichoizungusha ila vidole vyangu. Ulinifundisha kuona kwa usahihi, nami nikatumia usahihi ule ule kuficha.

Kuna jambo jingine. Ile picha ya kwanza sikuifuta. Niliiacha kwenye kadi nyingine ya kamera, nayo iko ndani ya kopo la majani ya chai jikoni kwa mama. Lakini siwezi kuitoa bila kujitoa mwenyewe. Kila picha huwa na maelezo yake ndani, kamera gani, saa ngapi, lenzi gani. Lenzi yako haina umeme wa kuiambia kamera jina lake, ndiyo maana ilinibidi niichagulie kamera mpangilio wa kupiga bila lenzi, la sivyo inagoma. Mahali pa lenzi pameandikwa vistari tu. Kwa kamera, picha zote mbili zilipigwa bila lenzi. Nikiitoa wataniuliza vistari ni vya nini. Nikieleza vistari nitaeleza droo. Nikieleza droo nitaeleza kila kitu.

Niambie nifanye nini. Ukisema niitoe, nitaitoa. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, na dhambi tutagawana.

Hii uichome kabla hujaimaliza, mjomba, nakuomba sana. Asiione mtu.

Sufiani

*

Mlimani, juu ya Mkuyuni
29 Juni 2024

Mpwa wangu Sufiani,

Marahaba. Leo naanza na mambo yangu, kwa sababu na mimi nina droo yangu.

Sikuichoma hata barua moja. Na hakuna hata moja niliyoisoma. Jicho la kulia limezibwa na mtoto wa jicho tangu mwaka juzi, la kushoto linanipa mwanga na vivuli. Ndiyo sababu nilirudi mlimani. Ninyi niliwaambia nimechoka na mji. Ile picha yako niliyosema imetoka kama uji, sikuiona. Kwangu kila picha sasa ni uji. Niliogopa dada yangu akijua atanifuata anichukue kama mzigo.

Barua zako zinasomwa na Mwalimu Nasra, jirani yangu, anayefundisha shule ya hapa. Huo mwandiko unaousifu ni wake. Uliponiomba nisome peke yangu, alinisomea ombi hilo, nikamwambia, "Endelea tu, huyu kijana anaogopa kivuli cha kuku." Niliona haina madhara. Wewe uko mjini, yeye hakujui.

Mwalimu Nasra ni binti wa Bi Mwanaasha.

Barua yako ya mwisho aliisoma tukiwa tumekaa kibarazani, mchana, anasubiri wanafunzi warudi kutoka kula. Alipofika pale pa kuzungusha pete, akanyamaza. Nilidhani karatasi imeisha. Nikamwuliza, "Mwalimu, zimekwisha?" Akasema, "Bado, mzee. Ngoja ninywe maji." Akanywa. Akarudi akasoma mpaka mwisho, kwa sauti ile ile ya kusomea barua, hata pale ulipoomba asiione mtu. Halafu akaikunja, akaniwekea mkononi, akaenda kupiga kengele.

Kwa siku kumi na mbili hakuja. Mimi sikuwa na mtu mwingine wa kuniandikia, na hata ningekuwa naye, ningemwambia aandike nini? Alipokuja tena alikaa, akatoa kalamu, akasema, "Haya mzee, tumjibu."

Umeniuliza ufanye nini, na umesema dhambi tutagawana. Mimi yangu ninayo tayari. Niliahidi siri kwa macho nisiyo nayo. Hiyo yako siwezi kuigusa. Mkono wako uliijua pete ulipokuwa unaizungusha upande ule. Utaujua na upande huu.

Abeid

Sufiani, kuanzia hapa ni maneno yangu mimi, Nasra. Mzee ameinuka kwenda kuswali na amesema niandike nikitaka, nisiandike nikitaka.

Mama sijamwambia. Nikimwambia atauliza, "Huyo kijana ni mtoto wa nani?" nami nitalazimika kumjibu kuwa ni mpwa wa Mzee Abeid, ambaye tunakula naye. Sikuandikii kukulaani. Nimejaribu kuandika ya kukulaani, nimechana karatasi mbili za daftari la shule.

Nataka kujua jambo moja. Kwenye ile picha ya kwanza, kaburi la mwisho kushoto, dogo, lenye bakuli la bluu. Linaonekana? Yule ni binti yangu, Shadia. Alikaa nasi miaka mitatu. Bakuli alikuwa anakunywea uji. Wakati ule sikuwa na simu ya picha, na mvua za mwaka huu zimelizamisha bakuli kwenye tope, halionekani tena. Kama lipo kwenye picha yako, niambie. Kama halipo, usinijibu kabisa.

*

Mwembesongo, Morogoro
11 Julai 2024

Mjomba Abeid, na wewe Mwalimu Nasra unayesoma,

Shikamooni nyote wawili. Mwalimu, naanza na wewe.

Lipo.

Nilitoa kadi kwenye kopo la majani ya chai siku ile ile nilipopata barua, nikaikuza picha mara kumi. Bakuli linaonekana lote. Ukingo wake umebanduka rangi upande wa kulia, na ndani kuna maji ya mvua, na kwenye maji kuna kipande cha anga. Nimeisafisha nakala mbili. Moja ni picha yote, kwa ajili ya mama yako. Nyingine ni kaburi lile peke yake. Zote zimo kwenye bahasha hii, katikati ya makaratasi magumu ili zisikunjike. Sikuombi chochote badala yake. Sina haki ya kuomba.

Mjomba, mama nimemweleza habari za macho yako. Nisamehe, nimechoka kuficha. Akasema, "Kumbe ndiyo maana alinisifia gauni lililotoboka." Hana mpango wa kukufuata. Anasema uje mwenyewe uangaliwe na madaktari, na kwamba fimbo anayo ya kukuazima.

Sasa ya ofisini. Jumatatu ya tarehe moja nilitoa ile lenzi kwenye droo, nikaipeleka mezani kwa Bwana Bartholomeo nikiwa nimeifungua, bila kitambaa.

Nikamwambia, "Bosi, nimevunja lenzi ya ofisi tarehe 16 Januari, nikaificha."

Akacheka. "Nani amekuuliza habari za lenzi, mwanangu?"

"Hakuna, bosi. Ndiyo maana naisema."

Alipoona karatasi ya pili mkononi mwangu akaacha kucheka. Ilikuwa maelezo yangu kwa katibu wa baraza la ardhi: kwamba picha zilikuwa mbili, kwamba ya pili niliiharibu nyuma kwa makusudi, na kwamba neno pori nililichapa mimi nikijua si kweli. Akaniuliza kama najua ninachokifanya. Nilisema ndiyo. Alinyoosha mkono akadai simu ya ofisi na funguo. Barua ya kusimamishwa kazi nililetewa kesho yake nyumbani, na ilikuwa imechapwa na mtu asiyejua kuchapa.

Baraza limepokea maelezo yangu na picha. Shauri litasikilizwa upya Jumanne, tarehe 23 Julai, saa nne asubuhi, hapa mjini. Watu wa Bwana Rogers wanasema picha ya makaburi ni ya kutengeneza, kwa kuwa haina lenzi. Nitaileta lenzi yako. Nitamwomba katibu aiweke kwenye kamera yoyote wanayoiamini wao, apige ukuta wa chumba, kisha waangalie wenyewe hivyo vistari. Lakini watauliza lenzi ni ya nani na ilifikaje kwangu, na hapo neno langu pekee halitoshi, maana nimeshasema uongo mara moja. Nakuhitaji, mjomba. Hawatakuuliza unaona nini. Watakupa uishike, nawe utawasomea namba kwa kidole.

Naogopa bado. Naona niwaambie hivyo msije mkadhani nimekuwa mtu mwingine. Huenda nikashitakiwa, na sijui kama makaburi yatashinda. Najua tu kwamba neno pori litasomwa mbele ya Bi Mwanaasha na aliyeliandika atakuwa amesimama.

Barua hii msiichome. Mwalimu, kama moyo utakubali, isome kwa sauti mama yako akiwepo. Akiuliza mimi ni mtoto wa nani, mwambie.

Namba yangu ya zamani msiipige, atapokea mtu wa ofisi. Ofisini msiniulizie. Siku ya Jumanne teremkeni Mkuyuni alfajiri, mchukue gari la Joseph. Nimeshakubaliana naye, atawafikisha mpaka stendi ya Msamvu bila kusimama sokoni. Akiwashusha, Mwalimu, mshike mjomba mkono wa kushoto, ule wa kulia anaupenda uwe huru. Acheni mabasi nyuma yenu mfuate ukuta. Ni hatua arobaini, za kwako, Mwalimu. Nimezipima kwa kutembea polepole. Mtasikia harufu ya maandazi ya Bi Yuliana. Hapo simameni, msisogee tena.

Mjomba, usigeuze kichwa kunitafuta. Nitakuwa mbele yako, mita moja na nusu. Nitasema shikamoo. Ukiisikia, nyoosha mkono.

Sufiani